Kwa Nini Kiyoyozi Hakipozi: Unyevuanga, Chumvi na Umeme katika Uchunguzi wa Viyoyozi vya Majumbani Tanga na Mwambao wa Kaskazini

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kuchunguza kiyoyozi cha nyumbani ambacho kinawaka na kuvuma lakini hakipozi chumba ipasavyo, kwa kurejelea mazingira ya mwambao wa kaskazini wa Tanzania, kuanzia Mkinga, kupitia Jiji la Tanga, hadi Pangani. Hoja inayojengwa ni kwamba utaratibu uliozoeleka wa kuanza uchunguzi kwa kuongeza gesi unapindua mpangilio wa kazi. Katika mwambao huu mzigo mzito wa mashine ni mvuke wa maji uliomo hewani, na visababishi vinavyopaswa kushukiwa mwanzo ni hewa inayopenya kutoka nje, uchafu, chumvi na umeme hafifu. Gesi hushukiwa baada ya hayo yote kuondolewa, na hapo panapotafutwa ni mahali inapovujia.

1.0 Utangulizi

Kati ya Desemba na Machi, msimu wa kaskazi, joto la mchana mjini Tanga hufikia nyuzi 32 au 33 za Selisiasi, na usiku halishuki kiasi cha kumpa mtu nafuu. Huo ndio msimu wa mavuno kwa mafundi wa majokofu na viyoyozi. Malalamiko wanayoletewa hufanana: "inavuma tu, haipozi." Majibu nayo hufanana: gesi imeisha. Gesi huongezwa, mwenye nyumba hulipa, chumba hupata ubaridi kwa majuma au miezi kadhaa, kisha safari huanza upya.

Kauli ya kwamba gesi imeisha inachukuliwa kutoka kwenye mantiki ya jiko au taa ya kandili, vitu ambavyo huchoma nishati yake na kuimaliza. Gesi ya kiyoyozi haichomwi. Huzunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa, ikigeuka kuwa kimiminika na kurudi kuwa mvuke, na mashine isiyovuja huweza kumaliza umri wake wote ikiwa na gesi ileile iliyotoka nayo kiwandani. Kwa hiyo ama gesi haijapungua, na tatizo liko kwingine, ama imepungua kwa sababu pana tundu. Kuongeza tu hakutibu hali yoyote kati ya hizo mbili.

Gharama ya kosa hili ni kubwa kuliko ile inayoonekana kwenye mkono wa mlipaji. Kompresa, ambayo ni moyo wa mashine na kifaa chake cha thamani kuliko vyote, hupozwa na gesi inayorejea kutoka ndani. Ikifanya kazi miezi mingi na gesi pungufu huchemka mpaka ikaungua. Gesi ikizidishwa, shinikizo hupanda, umeme unaotumika huongezeka, na ubaridi hupungua badala ya kuongezeka; jambo hili la mwisho huwashangaza wengi.

2.0 Mzigo wa kiyoyozi mwambaoni

Inafaa kukumbuka kwamba mashine iliyobuniwa na Willis Carrier mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, Marekani, haikukusudiwa hasa kuwastarehesha watu. Ilikusudiwa kudhibiti unyevuanga uliokuwa ukiharibu karatasi. Mkazi wa Raskazoni anayelalamikia joto leo yuko karibu na tatizo hilo la awali kuliko anavyodhani.

Ndani ya nyumba, gesi yenye ubaridi hupita katika koili yenye mapezi membamba ya alumini, na feni huisukuma hewa ya chumba ipite juu ya koili hiyo. Joto huhama kutoka hewani kwenda kwenye gesi, na hupelekwa nje kutupwa. Hata hivyo, koili hufanya kazi mbili kwa pamoja. Inashusha halijoto ya hewa, na inaugandisha mvuke wa maji kuwa matone yanayotiririka nje kwa bomba dogo. Kazi hii ya pili haionekani kwenye kipimajoto, lakini hula nguvu ya mashine. Kuondoa lita 1 ya maji kwa saa hutumia takribani wati 680 za uwezo wa kupoza. Kiyoyozi cha BTU 12,000, ambacho hupatikana sana katika vyumba vya kulala, kina uwezo wa takribani wati 3,500. Lita 2 kwa saa zitakuwa zimekwisha kuchukua karibu sehemu mbili kwa tano za uwezo huo, yaani wati 1,360 hivi.

Tuchukue chumba cha mita 4 kwa 4 chenye dari ya mita 3. Nje hewa ina nyuzi 30 na unyevuanga wa asilimia 75. Ndani tunataka nyuzi 25 na asilimia 50. Kila kilo ya hewa ya nje inaingia na gramu 10 hivi za maji kupita kiasi tunachotaka. Hewa ya chumba hicho ikibadilika mara moja kwa saa kwa kupenya kwenye nyufa, mashine italazimika kuondoa zaidi ya nusu lita ya maji kila saa, kazi ya wati 390 hivi, ilhali kuipoza hewa hiyohiyo kutoka nyuzi 30 hadi 25 kunahitaji wati 80 tu. Yaani mvuke ni mzigo mara tano ya joto lenyewe. Mkokotoo huu ni mwepesi, lakini ndio unaotenganisha uchunguzi wa kiyoyozi cha Tanga na ule wa kiyoyozi cha Dodoma, ambako hewa ya nje ni kavu zaidi kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Sasa tufikirie nyumba yenye madirisha ya luva. Madirisha hayo yalifaa sana katika ujenzi wa mwambao, kwa kuwa yalikaribisha upepo wa bahari. Yakifungwa, vioo vyake havibanani. Dari ya mbao yenye mianya inayofungukia kwenye paa la mabati huongeza njia nyingine. Hewa ikibadilika mara 5 kwa saa katika chumba tulichokitaja, mzigo wa hewa inayopenya pekee hufikia wati 2,300, theluthi mbili ya uwezo wa mashine, kabla hatujahesabu jua, watu, runinga na taa. Kiyoyozi hicho kitavuma usiku kucha. Hakina ugonjwa wowote.

3.0 Vipimo viwili vya awali: kipimajoto na ndoo

Kabla ya kufungua mashine, mchunguzi anapaswa kujua ni wapi pa kuelekea: kwenye nyumba au kwenye mashine. Kwa maoni ya mwandishi, vifaa viwili vinatosha kwa hatua hii, na vyote havina gharama: kipimajoto na ndoo yenye alama za lita.

Milango na madirisha hufungwa, rimoti hupangwa kwenye halijoto ya chini kabisa ili hata mashine ya inveta ifanye kazi kwa nguvu zote, na feni huwekwa kwenye kasi ya juu. Baada ya dakika 20, halijoto ya hewa inayoingia juu ya sehemu ya ndani hupimwa, kisha ile inayotoka. Wakati huohuo ndoo huwekwa chini ya bomba la maji huko nje kwa muda wa saa nzima.

Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 kati ya hewa inayoingia na inayotoka kwa kawaida ni dalili ya afya. Kipimo hiki kinajulikana na mafundi wengi. Kinachosahauliwa ni kwamba katika hewa yenye mvuke mwingi tofauti hiyo hupungua hata kama mashine ni nzima, kwa sababu nguvu imekwenda kwenye maji. Ndipo ndoo inapohitajika. Tofauti ikiwa ndogo, mathalani nyuzi 7, huku ndoo ya kiyoyozi cha BTU 12,000 ikipokea lita 2 au 3 kwa saa, mashine inafanya kazi yake. Dawa iko kwenye nyufa za madirisha, kwenye dari, na kwenye mlango unaoachwa wazi kuelekea ukumbini. Tofauti ikiwa ndogo na ndoo ikabaki karibu tupu, mashine ni mgonjwa kweli. Tahadhari moja: bomba la maji lililoziba hudanganya. Maji yakidondokea ukutani ndani ya chumba, au bomba likiwa limejaa ute, lisafishwe kwanza ndipo kipimo kirudiwe.

Ndoo ikijaa upesi, yapo mambo mawili ambayo mwenye nyumba anaweza kuyafanya bila fundi. La kwanza ni kuziba mianya, kwa mpira wa kubania milango au kwa kubadili luva za chumba kimoja tu kile cha kulala. La pili ni kupunguza kasi ya feni baada ya chumba kuanza kupoa: hewa ikipita polepole juu ya koili huacha maji mengi zaidi, na mwili wa mtu huhisi nafuu katika nyuzi 26 zilizo kavu kuliko katika 24 zenye unyevu. Kuiweka rimoti kwenye 16, kama wengi wafanyavyo, hakuharakishi chochote kwenye mashine isiyo ya inveta. Kompresa yake ina hali mbili tu, kuwaka na kuzima.

4.0 Njia ya hewa

Endapo vipimo vinaelekeza kwenye mashine, cha kwanza kutazamwa ni chujio. Sehemu hii haihitaji maelezo marefu. Chujio lililojaa vumbi huzuia hewa, koili hukosa joto la kuchukua, halijoto yake hushuka chini ya sifuri, na maji yanayopaswa kutiririka huganda kuwa barafu. Barafu nayo huzuia hewa zaidi. Ni jambo la kustaajabisha kidogo kwamba dalili ya kiyoyozi kisichopoza yaweza kuwa barafu, na hapo ndipo wengi hupotoka, kwa kuwa upungufu wa gesi nao huleta barafu.

Namna ya kutofautisha ni kuangalia barafu inapoanzia. Gesi inapopungua, barafu huanza kwenye bomba jembamba na kwenye kona ya koili pale gesi inapoingilia, huku sehemu iliyobaki ya koili ikiwa na uvuguvugu. Hewa inapozuiwa, barafu hutanda koili nzima na kurudi hadi kwenye bomba nene. Kwa vyovyote vile mashine izimwe na barafu iachwe iyeyuke yenyewe. Kuikwangua kwa kisu kumekwisha kutoboa koili nyingi.

Katika hewa ya mwambao chujio linahitaji kuoshwa kila baada ya wiki mbili hadi nne. Feni ya ndani, ile yenye umbo la mcheduara, husahauliwa zaidi. Ukungu na vumbi hujaa kati ya makasia yake na kupunguza hewa bila kelele yoyote, na ndiyo chanzo cha ile harufu ya uvundo mashine inapowashwa.

5.0 Chumvi na sehemu ya nje

Joto lililotolewa chumbani lazima litupwe nje. Ikiwa sehemu ya nje haiwezi kulitupa, sehemu ya ndani haitapoza hata ikisafishwa kila siku. Hapa ndipo mazingira ya Tanga yanapokuwa na sura yake mahususi.

Mapezi ya alumini ya koili ya nje yana unene wa takribani sehemu moja ya kumi ya milimita, na yamebanwa juu ya mabomba ya shaba. Metali hizi mbili zikigusana mbele ya maji yenye chumvi huunda kitu kama betri ndogo, na alumini, ikiwa ndiyo dhaifu, huliwa. Kwa nje mapezi huonekana yamesimama. Ukiyagusa kwa kidole hupukutika kuwa unga mweupe. Pezi lililoachana na bomba halichukui joto tena, kwa hiyo mashine ya miaka mitatu karibu na ufuko huweza kufanya kazi kama ya miaka kumi iliyoko Korogwe. Rangi ya buluu au ya dhahabu inayopakwa juu ya mapezi viwandani hupunguza kasi ya ulaji huo mpaka pale inapochubuka.

Kinga iliyo bora na rahisi ni kuosha koili ya nje kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mara moja kila mwezi kwa nyumba zinazotazama bahari. Sharti la maji kutokuwa na chumvi si la kupuuzwa: visima vingi vilivyo karibu na ufuko vina maji ya magadi au ya chumvichumvi, na anayeosha mashine kwa maji hayo anaipaka kilekile anachokusudia kukiondoa. Mashine za shinikizo za kuoshea magari nazo hukunja mapezi na kuziba njia ya hewa. Bomba la bustani linatosha.

Jambo jingine ni mwelekeo. Feni ya sehemu ya nje huitupa hewa ya moto mbele yake. Ikifungwa ikielekea kaskazini-mashariki upande wa bahari, kaskazi huirudisha hewa hiyo kwenye mapezi katika miezi ileile ambayo mashine inahitajika zaidi. Ikielekea kusini-mashariki, kusi hufanya hivyo baadaye. Katika vichochoro vya Ngamiani, ambako kuta zinakaribiana, hewa ya moto hugonga ukuta wa jirani na kurejea. Vizimba vya nondo vinavyojengwa kuzuia wizi havina madhara makubwa, ila pale mwenye nyumba anapovifunika kwa bati au mkeka ili kuzuia jua. Kivuli kinafaa, lakini kiwe juu, mbali na mdomo wa feni.

6.0 Umeme

Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230. Mkoa wa Tanga una vituo vya kuzalisha umeme kwa maji vya Hale na Pangani, lakini ujirani huo haumfaidishi aliye mwishoni mwa laini ndefu ya mtaa; kinachoamua volti zinazomfikia ni urefu na unene wa waya wa mwisho na idadi ya nyumba zinazouchangia. Kati ya saa 1 na saa 4 usiku, wakati viyoyozi, majokofu na pasi vinapowashwa kwa pamoja, volti huweza kushuka vya kutosha kuizuia kompresa isianze.

Nguvu ya mzunguko ya mota hufuata mraba wa volti. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 190, nguvu hiyo hubaki theluthi mbili hivi. Kompresa hunguruma kwa sekunde chache, hushindwa kuzunguka, na kinga yake ya joto huikata. Feni ya ndani, ambayo haihitaji nguvu nyingi, huendelea kuvuma kana kwamba hapana lililotokea. Mwenye nyumba huona kiyoyozi kinachovuma bila kupoza, na hukumu ya gesi hutolewa.

Dalili hiyohiyo huletwa na kapasita iliyochoka. Kifaa hiki kidogo huisaidia kompresa ya kawaida kuanza na kuzunguka, na joto pamoja na volti zinazopandashuka hukidhoofisha. Thamani yake imeandikwa ubavuni kwa mikrofaradi, na kipimo chake hakipaswi kutofautiana na maandishi kwa zaidi ya asilimia 5 au 6, au kiwango kilichotajwa hapohapo. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya kujaza gesi. Kipimwe na fundi pekee, swichi kuu ikiwa imezimwa, kwani kapasita huhifadhi umeme wa kumdhuru mtu hata baada ya waya kuchomolewa.

Kwa hiyo volti zipimwe kwenye vituo vya mashine yenyewe huku kompresa ikifanya kazi. Kipimo kilichochukuliwa kwenye soketi ya ukumbini mchana, mashine ikiwa imezimwa, hakisemi lolote. Zikiwa chini ya 207, yaani pungufu ya asilimia 10, kwanza ufuatiliwe waya wa ndani ya nyumba. Kiyoyozi kinachounganishwa kwa waya mwembamba wa kurefushia ni mfano wa kosa linalosahihishwa kwa saa moja.

7.0 Gesi

Sasa tu, baada ya nyumba, hewa, koili ya nje na umeme kutazamwa, gesi ina haki ya kushukiwa. Na fundi aanze kwa macho. Gesi hubeba mafuta ya kompresa, hivyo inapovujia huacha doa la mafuta lenye vumbi. Mahali pa kwanza pa kutazama ni nati za kuunganishia mabomba, ndani na nje. Povu la sabuni huthibitisha. Tundu lisipoonekana, mfumo hujazwa naitrojeni kavu kwa shinikizo na kuachwa, sindano ya geji ikichungwa.

Baada ya tundu kuzibwa, mfumo hufyonzwa hewa yote kwa pampu ya ombwe. Hatua hii mara nyingi hurukwa, na badala yake gesi kidogo hupulizwa ili "kusukuma hewa." Hewa inayobaki haigeuki kimiminika, hukaa kwenye koili ya nje, hupandisha shinikizo na kupunguza ubaridi. Aidha, mafuta ya aina ya esta yanayotumika na gesi ya R410A hufyonza unyevu upesi na kuzaa asidi inayokula waya za kompresa kutoka ndani. Katika hewa ya Tanga, bomba lililoachwa wazi wakati fundi amekwenda kula si jambo dogo.

Gesi mpya huingizwa kwa kupimwa kwenye mizani, kulingana na uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Kukisia kwa geji pekee, au kwa kushika bomba kwa mkono, ndiko kunakozaa mashine zilizojazwa kupita kiasi. Kibandiko hichohicho hutaja aina ya gesi, na aina hizi hazibadilishani: shinikizo la R410A ni takribani mara 1.6 ya lile la R22. R32, inayozidi kuonekana katika mashine mpya, huweza kushika moto, ingawa kwa shida. Fundi asichomelee bomba lenye mabaki yake, wala asifanye kazi hiyo katika chumba kisicho na hewa ya kutosha.

Yapo pia masharti ya kimataifa. Tanzania iliridhia Itifaki ya Montreal mwaka 1993, na chini ya itifaki hiyo nchi zinazoendelea zinapaswa kukomesha matumizi ya R22 ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Marekebisho yaliyopitishwa Kigali mwaka 2016 yanazigusa R410A na R32. Kilo 1 ya R22 ikipotelea angani huchangia joto la dunia sawa na takribani kilo 1,800 za kabonidayoksaidi katika kipindi cha miaka 100, na kiyoyozi cha chumba kimoja hubeba kiasi kinachokaribia kilo hiyo. Mashine inayojazwa kila kaskazi bila kuzibwa tundu huachilia kiasi hicho ndani ya miaka michache, na R22 ya kuijaza itazidi kuadimika kadiri mwaka 2030 unavyokaribia.

Kwa sababu hiyo inapendekezwa kwamba kila sehemu ya nje ibandikwe karatasi ndogo ndani ya kifuniko, yenye tarehe ya kila matengenezo, uzito wa gesi ulioingizwa, volti zilizosomwa, na tofauti ya halijoto kabla na baada. Fundi wa pili akiikuta gesi imeongezwa mara mbili katika miaka miwili, ataanza na povu la sabuni.